Somo: Taa ya Kibodi na Jina la Mfanyakazi



Somo la leo linahusu kitu kidogo kilicho mezani kwa karani: taa za kibodi, yaani ule ubao wa vitufe anaougonga anapoandika kwenye kompyuta. Mwingine atasema, "Mimi nashika jembe, taa ya karani inanihusu nini?" Inakuhusu, ndugu. Jina lako liko kwenye orodha ya mishahara, na karani ndiye aliyeliandika.

1. Tatizo lilianzia wapi

Hapa hapa Rejaf, mwezi wa Aprili 1928, ulifanyika mkutano mkubwa wa lugha. Walikutana maofisa wa serikali ya kikoloni na wamisionari, pamoja na mtaalamu wa Kijerumani, Diedrich Westermann. Walichagua lugha za kufundishia shule za chini: Kibari, Kidinka, Kinuer, Kishilluk, Kilatuko, Kikresh na Kizande. Walishughulikia pia namna ya kuziandika kwa herufi za Kilatini. Herufi mojawapo inayotumika hadi leo katika Kidinka, Kinuer na Kibari ni Ŋ. Sauti yake sote tunaijua: ndiyo inayoanza neno ng'ombe.

Lakini taipureta zilizoletwa huku hazikuwa na herufi hiyo, na kibodi za kawaida za leo hazina vilevile. Basi mtu anayeitwa Deŋ huandikwa Deng na karani huyu, na Den na karani yule. Sisi tukisikia tunajua ni mtu mmoja. Kompyuta haisikii. Yenyewe hulinganisha namba: n ndogo ni 110, g ni 103, ŋ ni 331. Kwake hao ni watu watatu.

Nimeona kwa macho yangu. Mwenzetu mmoja, mahali pa kazi ambapo sitapataja, alikuwa Deng kwenye mishahara na Den kwenye kadi ya matibabu. Mtoto wake alipougua, alizungushwa dirishani siku tatu, mwisho akakopa pesa akalipa mwenyewe. Hakukosa haki. Alikosa herufi.

2. Kibodi haijui herufi

Wengi hudhani ukibonyeza kitufe chenye N, kibodi hupeleka N. Sivyo. Kibodi hupeleka namba ya kitufe tu, kama kusema "kitufe kile kimebonyezwa." Kompyuta ndiyo huamua ni herufi gani, kufuatana na mpangilio wa lugha uliowekwa ndani yake. Mpangilio ukiwa wa Kiingereza, unapata herufi hii. Ukiwa wa Kidinka, kitufe kile kile kinaweza kukupa nyingine.

Hapo ndipo karani hupotea. Asubuhi ameweka Kidinka, mchana mtu mwingine ameweka Kiingereza. Akirudi anaandika majina arobaini bila kutazama juu, na yote yamekosewa. Anahitaji alama mbele ya vidole vyake: sasa uko katika lugha gani?

3. Taa huwashwa na nani

Tazama ile taa ya Caps Lock, inayoonyesha kwamba unaandika herufi kubwa. Ukibonyeza kitufe chake, kibodi ya kawaida ya USB haiwashi taa yenyewe. Inapeleka habari kwa kompyuta, kompyuta inabadili hali yake, kisha inarudisha amri: "washa taa." Amri hiyo ni ndogo sana, baiti moja tu. Ndani ya baiti mna nafasi nane, ziitwazo biti, na kila taa ina nafasi yake: sifuri ni zima, moja ni washa.

Ushahidi ni huu: kompyuta ikiganda kabisa, bonyeza Caps Lock mara kumi, taa haitabadilika. Mtoa amri amelala.

4. Kibodi ya kujipangia

Siku hizi zipo kibodi ambazo mwenyewe huweza kuzipanga. Ndani yake mna kompyuta ndogo kama ukucha, chini ya vitufe mna taa za rangi, na nyingine zina kioo kidogo cha maandishi. Programu mojawapo inayoziendesha huitwa QMK. Ni ya wazi: hailipiwi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma na kuibadili.

QMK ina njia ya kupokea ujumbe kutoka kwenye kompyuta kubwa, baiti 32 kwa kila ujumbe. Baiti hizo hazina maana ya kuzaliwa nazo. Mnapatana: baiti ya kwanza ikiwa 1, maana yake ni "badili rangi", ya pili ikiwa 0 ni nyeupe kwa Kiingereza, ikiwa 1 ni kijani kwa Kidinka, ikiwa 2 ni buluu kwa Kibari. Upande wa kompyuta huandikwa programu fupi ya kupeleka, upande wa kibodi fupi ya kupokea. Upande mmoja ukibadili maana bila kuuambia wa pili, kazi imeharibika. Sisi watu wa chama tunalijua jambo hilo: mkataba ni wa pande mbili.

5. Angalia umeme

Taa hizi zina tamaa. Aina inayotumika sana, ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote, hula kama miliampea 60. Taa sitini zitakula 3,600, na tundu la kawaida la USB 2 hutoa 500 tu. Kwa hiyo hatuwashi kibodi nzima kama duka la sikukuu. Taa tatu zenye mwanga hafifu zinatosha, hasa kwetu tunaotegemea jenereta na sola.

6. Taa isiseme uongo

Hapa ndipo kiini cha somo. Taa haionyeshi ukweli, huonyesha ilichoambiwa. Programu ikipeleka kijani kwa sababu karani ameagiza Kidinka, na kompyuta ikakataa kubadili, taa itakuwa kijani na herufi zitakuwa za Kiingereza. Taa ya namna hiyo ni mbaya kuliko kukosa taa, kwani karani ataiamini.

Fanyeni hivi. Kwanza, programu iiulize kompyuta, "Mpangilio uliopo sasa ni upi?" kisha ipeleke rangi kufuatana na jibu, si kufuatana na agizo. Pili, ujumbe upelekwe kila sekunde. Zikipita sekunde tano bila ujumbe, kibodi yenyewe iwashe nyekundu, maana yake "sijui." Tatu, karani aandike Ŋ moja ya majaribio kabla ya kuanza orodha.

Na juu ya yote, mwenye jina aulizwe jina lake linaandikwaje, kisha liandikwe hivyo hivyo kwenye kila orodha. Hakuna taa ya kufanya kazi hiyo.

7. Hata kwenye mtambo

Ndugu wa kiwandani, sheria ni ile ile. Taa ya kwenye paneli ikizimika, usiingize mkono ukasema umeme umekatwa. Pengine taa imeungua, au aliyeiamuru amekosea. Kata swichi kuu, funga kwa kufuli, ufunguo utie mfukoni mwako, kisha jaribu kuwasha uone kama kweli imekufa. Ndipo ushike.

Maswali ya kujadili tawini

1. Jina lako limeandikwaje kwenye orodha ya mishahara, na limeandikwaje kwenye kadi ya matibabu? Leta vyote viwili mkutanoni.
2. Kwa nini taa ya Caps Lock haibadiliki kompyuta ikiganda?
3. Taja taa moja mahali pako pa kazi. Nani huipa amri, na utajuaje kama inasema kweli?

Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.