Dondoo muhimu: Elewa lugha ya wasafirishaji kabla hujahamisha biashara

Unahamisha duka au ofisi, tuseme kutoka Kariakoo kwenda Mbezi? Neno la kwanza kulibana ni bei. Makadirio yanaweza kupanda siku ya kazi, bei mliyokwisha kubaliana haipandi. Uliza unapewa ipi, na iandikwe.

Bei ya tripu ni ya gari, si lazima iwe na wabebaji. Hakikisha kama inajumuisha kupakia, kushusha na kupandisha ghorofani, maana hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia. Uliza pia gharama za kusubiri: gari likikaa nje huku mlinzi wa jengo akidai kibali cha kutoa vitu, saa hizo nani analipa?

Ukiambiwa "gari lina bima", usiridhike. Bima ndogo ya gari hulipa madhara kwa watu wengine na mali zao. Friji yako ikidondoka njiani, bima hiyo haiilipi. Unachohitaji ni bima ya mzigo, na thamani ya vitu iandikwe kabla havijapakiwa.

Orodha ya mzigo ifanyeni pamoja na msafirishaji, mkitaja pia hali ya kila kifaa: "printa, kifuniko kina ufa". Mwisho wa safari utapewa karatasi ya kupokelea mzigo. Saini yako hapo huchukuliwa kuwa umepokea vyote salama, kwa hiyo fungua maboksi kwanza, andika kilichoharibika, kisha ndipo usaini.

Na kwa kuwa biashara inabadili anwani, wajulishe mapema Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).