Oili ya gari kwenye pikipiki

Swali: Fundi, tangu niweke oili ya gari kwenye bodaboda yangu, klachi inateleza mlimani na gia zinagoma. Kwa nini?

Jibu: Pikipiki yako hutumia oili moja kwa injini, giaboksi na klachi, sahani za klachi zimezama humo humo. Oili nyingi nyepesi za gari, kama 5W-30, zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi hushika kwa msuguano. Tafuta kopo lenye alama ya JASO MA au, bora zaidi, MA2. MB waachie wenye skuta. Unene ufuate kitabu cha pikipiki. Gia kugoma ni jambo jingine: meno ya giaboksi husagasaga oili hadi ikapoteza unene, au waya wa klachi umelegea. Mwaga hiyo oili, kisha kagua waya kabla hujafungua injini.