Nani Aliulizwa? Somo la Utafiti wa Maoni ya Uchaguzi



Uchaguzi ukikaribia, simu zetu hujaa asilimia: fulani anaongoza, fulani ameanguka. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi. Takwimu nayo ni habari. Basi tuone inavyopatikana.

Kwanza ni sampuli. Afrobarometer, mtandao wa utafiti ulioanzishwa mwaka 1999 na wenye vyuo vikuu miongoni mwa washirika wake, kwa kawaida huhoji watu wazima 1,200 au 2,400 katika nchi. Hao wanatosha kwa sharti moja: kila mtu mzima awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Watafiti huchukua orodha ya sensa na kupiga bahati nasibu ya maeneo ya kuhesabia watu. Penye watu wengi pana nafasi kubwa zaidi. Kila eneo huchaguliwa kaya 8, na kila kaya mtu mmoja, mwanamume na mwanamke kwa zamu. Kwa watu 1,200, kosa la sampuli ni kama asilimia 3 juu au chini. Kwa 2,400 ni kama 2. Hivyo, kati ya watu 1,200, mwenye 46 na mwenye 44 hatuwezi kusema nani yuko mbele.

Pili, yapo makosa yasiyoonekana katika hesabu hiyo. Mwaka 2010 REDET, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulimpa Jakaya Kikwete zaidi ya asilimia 70. Matokeo rasmi yalikuwa kidogo juu ya 60. Mhojiwa huweza kumwogopa anayemhoji, kubadili nia, au kutokwenda kituoni. Mwaka ule waliopiga kura hawakufika nusu ya waliojiandikisha.

Tatu ni orodha yenyewe, na hili linanigusa mimi mtu wa Olumbi, wilaya ya Palma. Sensa ya Msumbiji ilifanyika Agosti 2017. Mashambulizi ya Cabo Delgado yakaanza Oktoba mwaka huohuo. Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, maelfu wakakimbia. Orodha inamweka mtu pwani kwetu, naye analala kwa jamaa Pemba. Mtafiti akibadilisha eneo kwa sababu ya usalama, huhoji walio salama zaidi. Kuongeza uzito wa majibu ya mkoa hurekebisha idadi, lakini hakumsemei asiyeulizwa. Na swali la Kireno likitafsiriwa papo hapo kwa Kimakwe au Kimwani, kila mhoji huuliza swali lake.

Kwa hiyo, kabla ya kusambaza asilimia, uliza: nani amelipia? Wameulizwa wangapi, lini, kwa lugha gani? Na ni maeneo gani yaliyoachwa? Utafiti usiojibu hayo, usiusambaze.