Somo: Karatasi ya kodi ni kinga ya mfanyabiashara mdogo



Katika somo hili tunazungumza juu ya jambo linaloleta magomvi kila asubuhi katika masoko yetu: kodi. Familia nyingi zilizokimbia vita zimeanza upya kwa biashara ndogo: ndagala kule Kalemie, unga wa muhogo Bunia, makala Beni. Mkusanya kodi mmoja anadai, wa pili anafuata, na mtaji unakwisha. Wenyeji nao wanasema: "Hawa waliokuja hawalipi kitu." Karatasi iliyo sawa inaweza kujibu pande zote mbili.

Sheria inasema nini?

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 174, inasema kwamba kodi haiwekwi ila kwa sheria, na kwamba kuchangia gharama za taifa ni wajibu wa kila mtu anayeishi nchini. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza, na tuna wajibu wa kulipa. Mwaka 2018, ordonansi-sheria nambari 18/004 iliorodhesha kodi za majimbo, miji, komini, sekta na sheferi.

Tutofautishe karatasi tatu

1. Patenti. Ni ya mchuuzi mdogo asiyeandikishwa katika rejista ya biashara (RCCM). Inalipiwa kila mwaka. Hakikisha jina lako limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye kitambulisho. Patenti haiondoi ushuru wa kila siku wa soko.

2. Note de perception. Inaonyesha kiasi unachodaiwa. Wengi wanadhani wakishaipata wamemaliza, lakini bado hawajalipa.

3. Risiti au bordero ya benki. Huu ndio ushahidi kwamba umelipa. Angalia tarehe, kiasi, jina la kodi na muhuri kabla hujaondoka.

Maswali ya kuuliza kwa utulivu

– Kodi hii inaitwaje, na ni ya muda gani?
– Ni ofisi gani imekutuma, na ordre de mission yako iko wapi?
– Nikilipa, nitapata risiti?

Kuuliza hivi si kumtukana mtu. Anayefanya kazi ya leta kwa haki ana majibu. Lakini penye barieri ya watu wenye silaha, usibishane: uhai unapita faranga. Ukifika salama, andika tarehe, mahali na kiasi walichochukua.

Vita inachoma karatasi pia

Toa fotokopi, na uiweke kwa ndugu mnayemwamini anayekaa mahali pengine. Beba kopi sokoni, karatasi yenyewe ibaki nyumbani. Kama vitambulisho vimepotea njiani, uliza komini juu ya hati ya kupoteza vitambulisho, kabla hujaomba patenti.

Neno kwa viongozi

Kila kikundi kiwe na daftari moja: nani alilipa, lini, kiasi gani, kwa nani, na kama alipewa risiti. Baada ya miezi mitatu daftari litaonyesha wazi ni kodi gani inadaiwa mara mbili. Hapo mnaweza kwenda kwa mkuu wa soko, kisha komini, mkiwa na jambo la kuonyesha, si malalamiko tu.

Msiende peke yenu. Nendeni pamoja na wauzaji wenyeji, maana wao pia wanadaiwa mara mbili. Wenyeji wakiona risiti zenu, lile neno la "hawalipi kitu" litapoteza nguvu, na waliokuwa wakitazamana kwa chuki watakuwa na shauri moja la kupeleka.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika soko letu tunalipa kodi zipi? Zipi hazina risiti?
2. Nani kati yetu anajua kusoma na anaweza kuwasomea wengine karatasi zao?
3. Tutamchagua nani kutunza daftari, na nani atalikagua?

Tunawatakia biashara njema na amani katika soko.