Nyuzi mpya za gita hazitulii

Swali: Jumamosi nilifunga nyuzi mpya kwenye gita langu la klasiki. Kila nikimaliza nyimbo mbili, sauti imeshuka. Je, funguo zimeharibika?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Nailoni huvutika, na nyuzi mpya huhitaji siku kadhaa, pengine wiki, ndipo zitulie. Kila unapolishika gita, vuta kila uzi taratibu kwa kidole, kisha urudishe sauti yake.

Kagua pia fundo kwenye daraja. Nyuzi tatu nyembamba zinateleza kupita kiasi, hivyo mkia wake uzungushe mara tatu chini ya uzi wenyewe, na mzunguko wa mwisho ubanwe nyuma ya ukingo wa daraja. Fundo likibaki juu ya daraja, litateleza tu.

Unapotuni, fikia noti kwa kukaza. Sauti ikizidi, legeza mpaka chini ya noti ndipo upande tena. Ukiishia kwa kulegeza, meno ya ufunguo huacha nafasi na uzi hushuka. Uzi wa tano, A, ni hezi 110, anza nao.

Baadaye, uchakavu wa nyuzi utaujua kwa zile nene. Pitisha kidole upande wa chini: ukigusa vishimo pale zinapogonga freti, badilisha. Uzi wa nne ndio hukatika mapema.

Nakusihi, usifunge nyuzi za chuma. Mvuto wake ni mkali mno, unaweza kung'oa daraja.