Kuchora kwa Simu: Ugumu Uko Wapi?

Ukisimama kando ya Jogoo Road jioni utaona maonyesho ya sanaa yasiyo na kiingilio. Matatu za namba 58 za kwenda Buruburu hupita zikiwa zimepambwa kuanzia boneti hadi kioo cha nyuma. Haikuwa hivyo siku zote. Kanuni za Waziri John Michuki za mwaka 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilizilazimisha matatu kuvaa mstari wa manjano, na michoro mingi ikafutwa. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliiruhusu tena, vijana wakarudi kazini. Siku hizi mchoro mwingi huanzia kwenye kompyuta au simu kabla haujafika kwenye gari. Hapo ndipo nilipoingia mimi, na hapo ndipo nilipoumbuka.

Wengi hudhani anayechora kwa simu hana kazi, eti simu ndiyo inayomchorea. Hata hapa shuleni nimeambiwa hivyo. La hasha! Kioo ni laini kuliko karatasi, kidole kinateleza, tena kidole chenyewe kinafunika mahali unapochora. Halafu kuna kile kitufe cha kurudi nyuma. Ukikosea mstari unaufuta mara moja, unauchora tena, unaufuta tena, hadi usiku unakwisha na jicho moja la simba halijakamilika. Kwenye daftari raba ingetoboa karatasi mapema nawe ungekubali yaishe. Lakini hayo mtu huyazoea. Yaliyonishinda ni mawili: ukubwa na rangi.

Likizo ya Aprili jirani yetu, ambaye ni makanga, aliniomba nimchoree simba, na jumba la KICC nyuma yake, apate stika ya kubandika kwenye kioo cha nyuma. Nilichora wiki mbili. Kwa simu simba alipendeza hadi mama, ambaye hasifu ovyo, akasema, "Huyu atanguruma." Jirani akalipia uchapishaji kwa pesa zake mwenyewe, shilingi 2,500, akabandika.

Jumamosi asubuhi aliniita. Lo! Manyoya ya simba yalikuwa yamekatika vipande vipande kama ngazi za fleti, na anga niliyoipaka buluu kali ilikuwa zambarau iliyofifia. Makanga wenzake walikuwa pale wakicheka. Yeye hakucheka wala hakunigombeza. Aliuliza tu, "Sasa msanii, hii ni nini?" Nilibaki nimeduwaa.

Nilimwendea mwalimu wetu wa kompyuta, naye akanipa hesabu badala ya pole. Picha ya simu ni vitone vya mraba vilivyopangwa kama vigae. Huitwa pikseli. Picha yangu ilikuwa na pikseli 1080 kwa upana, na kioo cha gari kina sentimita 120. Gawanya mwenyewe: pikseli 9 kwa kila sentimita, yaani kila kigae kina zaidi ya milimita moja, na abiria aliyesimama nyuma ya gari anakiona. Picha ya kuchapwa kitabuni huandaliwa kwa pikseli kama 118 kwa sentimita. Kwa kipimo hicho simba wangu alifaa upana wa sentimita 9, yaani kadi ya Krismasi! Ukimvuta awe mkubwa huongezi vigae, unavipanua vile vile ulivyo navyo.

Basi si uanze na picha kubwa tangu mwanzo? Nilijaribu, simu ikakwama. Mchoro wa namna hii hupangwa kwa tabaka, kama karatasi za plastiki zinazoonyesha, manyoya kwenye moja, macho kwenye nyingine, na kila tabaka linakula kumbukumbu ya simu. Njia nyingine ni vekta. Hapa kompyuta haihifadhi vitone bali maagizo: mstari uanzie hapa, upinde hivi, uishie pale. Ukiongeza ukubwa, inapiga hesabu upya na kingo zinabaki laini. Fikra hii si ya jana. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani, alionyesha programu yake Sketchpad, ambayo mtu alichora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo cha kompyuta, na maumbo yake yalihifadhiwa kihesabu. Sisi tunayo Inkscape, ya bure, iliyoanza mwaka 2003. Ila vekta inachosha jamani! Unyoya huupaki, unaujenga nukta kwa nukta.

Rangi nayo ina hila yake. Kioo cha simu hutoa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, na ukiichanganya yote unapata mweupe. Printa haina mwanga. Ina wino wa sayani, majenta, manjano na mweusi, na wino hunyonya mwanga. Zipo rangi za kioo ambazo wino hauzifikii hata ufanyeje, na buluu kali ni mojawapo. Ningechapisha kipande kidogo kwanza, ningeliona hilo kwa shilingi chache.

Sasa namchora simba upya katika maabara ya kompyuta, siku tatu kwa wiki baada ya masomo. Nimefika sikio la pili. Stika ya zamani bado iko kwenye gari, kwa maana kuibandua pia ni pesa. Asubuhi nikiipanda matatu hiyo kuja shule nakimbilia kiti cha mbele, karibu na dereva.