Kupaka Gundi kwa Unadhifu na Usalama

Mwanafunzi wa Mgeta anayejenga modeli ya mashamba ya ngazi ya Milima ya Uluguru hubandika vipande vya boksi tabaka juu ya tabaka. Kazi ya namna hii huharibiwa mara nyingi na gundi iliyozidi, ambayo hufurika kwenye maungio, huacha madoa na huchelewa kukauka, hasa penye baridi na unyevu. Tunamshauri mlaji achague kwanza kifaa cha kupakia.

Kwa gundi nyeupe ya mbao au karatasi:

1. Kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha hufaa kwa maungio madogo. Mimina gundi kidogo kwenye kifuniko cha plastiki, kisha chovya ncha tu.

2. Brashi ndogo hufaa kwa sehemu pana, kama tabaka za boksi. Ioshwe kwa maji kabla gundi haijakauka.

3. Bomba la sindano lisilo na sindano hutoa mstari mwembamba ulio sawa. Nunua jipya katika duka la dawa. Lililokwisha kutumika lisiokotwe kamwe.

Gundi ya haraka, yaani supaglu, itumiwe na mtu mzima, tone moja moja, kwa ncha ya kijiti. Gundi hii ikigusa pamba au sufu hutoa joto kali liwezalo kuunguza ngozi. Kwa hiyo isipakwe kwa pamba, wala isifutwe kwa kitambaa. Mgeta ni mahali pa baridi na watoto huvaa sweta: mikono ya sweta ikunjwe, na mtoto akae mbali na kazi hiyo. Ikimwagika juu ya nguo, mwagia maji mengi ya baridi mara moja. Vidole vikigandana, viloweke katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, kisha viachanishe polepole bila kuvuta. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi, usilazimishe kope kufunguka, na nenda kituo cha afya bila kuchelewa.

Unaponunua, soma tahadhari zilizo kwenye lebo, hakikisha mfuniko haujafunguliwa, na dai risiti. Chagua kichupa kidogo, kwa kuwa supaglu iliyofunguliwa huganda na fedha yako hupotea.